Jagi Moja Kila Saa Mbili

"Mwambie shemeji umeme ulikatika," mdogo wake alimwambia mshonaji, sindano ikiwa bado katikati ya meno. "Nani ataenda kuuliza habari za umeme?"

Mshonaji alikuwa amesimama mbele ya tangi la kioo, gauni la mteja likining'inia begani, akilitazama tumbawe la zambarau. Jana lilikuwa limenywea kidogo. Asubuhi hii lilikuwa limejikunja kabisa kama ngumi. Samaki wawili wa rangi ya chungwa walikuwa juu ya maji wakihema mbiombio. Kamba mdogo mwenye sharubu nyeupe, aliyezoea kuwasafisha samaki hao mmoja baada ya mwingine, alikuwa chali kwenye mchanga, amekufa.

Mumewe, fundi saa, alikuwa ameondoka siku tisa zilizopita kwenda kumuuguza kaka yake. Miaka kumi na moja tangi hilo lilikaa sebuleni, na miaka kumi na moja mshonaji alilisema. Aliusema mlio wa pampu. Aliisema chumvi iliyorukia vitambaa vya watu. Mbele ya wageni aliliita mke mwenza, na wageni wakicheka, alizidisha: "Mimi nikiumwa kichwa naambiwa nimeze kidonge. Yeye maji yakipungua kidole kimoja, mtu halali!"

Maneno tu hayo. Tumbawe lile lilikuja likiwa kipande cha ukubwa wa ukucha, limegandishwa juu ya kijiwe, mwaka uleule mtoto wao wa mwisho alipohama nyumbani. Mumewe alilihangaikia miaka saba, akilipimia chumvi, akilibadilishia maji kila Jumamosi, akilisugulia kioo kisiote ukungu wa kijani. Sasa lilikuwa limefika ukubwa wa kiganja. Walilipa jina la Kitindamimba, na kwa hilo hata mke hakutania.

Kabla ya kusafiri, mumewe alimwonyesha mstari aliouchora kwenye kioo. Maji yakishuka chini ya mstari, aongeze kutoka mtungi mweupe. Basi. Lakini mtungi mweupe ulikuwa na maji matupu, na pembeni yake ulikuwapo mtungi wa buluu, wenye maji ya chumvi yaliyokorogwa kwa ajili ya kubadilisha Jumamosi. Mshonaji akaingiwa na huruma. Samaki wa baharini atiliwe maji matupu kama ua la dirishani? Mzee alikuwa na haraka zake, amechanganya. Kila asubuhi, kwa moyo mweupe, alichota kwenye mtungi wa buluu.

"Umeme," mdogo wake alirudia. "Dada, utaepuka kelele."

"Nimekaa na kelele za pampu miaka yote hiyo. Nipe simu."

Mumewe alipokea upesi.

"Baba watoto, Kitindamimba amejifunga," alisema bila hata salamu. "Kamba amekufa. Wale wawili wanahema."

"Maji uliongeza?"

"Kila siku. Sikukosa hata moja."

"Mtungi upi?"

"Wa buluu."

Kwa mbali kilisikika kikohozi cha mgonjwa na kijiko kikigonga kikombe. Angefoka, ingekuwa nafuu.

"Mke wangu," mumewe alisema mwishowe, "maji yakikauka hayaondoki na chumvi. Inabaki palepale. Na wewe ukaiongezea nyingine."

Jambo hilo analijua yeyote aliyewahi kusahau mchuzi motoni, na mshonaji amesahau michuzi mingapi maishani mwake? Alitamani ardhi ipasuke. Akachukua kile kidude cha plastiki cha kupimia chumvi, akateka maji, akausoma mshale: arobaini, na mahali pake ni thelathini na tano.

"Basi nayamwaga, natia matupu sasa hivi!"

"Thubutu! Ukiishusha chumvi ghafla utawamaliza. Toa jagi moja, tia jagi moja la mtungi mweupe, polepole. Ngoja saa mbili, rudia. Leo mchana kutwa na kesho mchana kutwa. Nitafika kesho jioni." Sauti yake ilishuka. "Kitindamimba huenda asiamke. Usijilaumu."

"Nisijilaumu vipi?" alisema, na machozi yakamtoka. Hakuyafuta.

Alianza saa tatu. Kati ya jagi na jagi alishona kola, alipinda pindo, alimpima mteja mmoja mwalimu kiuno na kumwandikia kimakosa vipimo vya mkono, akaanza upya. Saa tisa alipotoa jagi la nne, ngumi ilikuwa ngumi vilevile. Yeye ni mtu wa kumaliza. Mteja akisema kesho, yeye humaliza leo. Alijaza jagi la tano papo hapo na kuliinua hadi ukingoni mwa tangi. Kisha akayarudisha maji mtungini, akakaa chini na kushona vifungo kwa hasira.

Kesho yake, saa kumi na nusu jioni, mumewe aliingia na begi begani.

"Kaka anakula mwenyewe sasa," alisema.

"Kamba nimemzika kwenye chungu cha maua," mkewe alisema. "Nimemuua mimi."

"Najua. Ulimwonea huruma." Alilishusha begi, akasogea kwenye tangi na kunyoosha mkono kuchukua jagi.

"Liache hilo. Bado nusu saa."

Fundi saa aliangalia saa yake, akaona ni kweli, akaurudisha mkono. Wakakaa wote wawili juu ya mzigo wa vitambaa. Samaki wa chungwa walikuwa wameshuka, wanazunguka mwambani. Kitindamimba alikuwa bado amejikunja, ila upande mmoja vilikuwa vimechomoza vidole vitatu vyembamba. Hakuna aliyethubutu kuvitaja.

Saa kumi na moja kamili mkewe alisimama. Ni mfupi, na tangi liko juu ya kabati. Alivuta kigoda, akapanda na jagi la kumi na mbili, akaanza kuyaachia maji yateremke membamba. Mumewe alichuchumaa, akakishika kigoda kwa mikono miwili kisiyumbe.