Mke Mwenza wa Marehemu

Wateja walimwita Mama Utulivu, na yeye hakuwahi kuwakataza. Alikuwa mshauri nasaha, ofisi yake ghorofa ya pili juu ya duka la miwani, na kila kitu humo ndani kilikuwa kimepunguzwa sauti: zulia nene, pazia la rangi ya maziwa, hata saa ya ukutani ilikuwa ya aina isiyolia, mteja asije akasikia dakika zake zikiyeyuka. Ukutani palikuwa na vyeti vitatu na fremu kubwa yenye maneno UKWELI NDIO MLANGO. Maneno hayo aliyatunga mwenyewe, na ndiyo yaliyomfikisha kwenye televisheni. Kila Jumatano asubuhi aliinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, akawaambia watu wazima wenye akili zao, "Usiuzike ukweli wako ungali hai." Watu walilia. Mtangazaji naye alilia, ingawa yule angelilia hata tangazo la sabuni.

Hakuna aliyejua kwamba Mama Utulivu mwenyewe alikufa miaka kumi na minne iliyopita.

Tena alikufa kwa kufuata taratibu zote. Cheti cha kifo kilikuwepo, kaburi lilikuwepo, na mume alizimia mara mbili makaburini, mara ya pili baada ya kuangalia kwanza pa kuangukia. Mume huyo alikuwa Mwalimu Mkuu wa shule yenye sifa, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, ambaye hakuwahi kumpiga mkewe hata kofi. Alimpimia tu muda wa kwenda sokoni na kurudi. Alimkagua kucha. Alimrekebisha sarufi mbele ya wageni.

Siku moja akamruhusu kwenda kumwona mama yake mdogo, mji wa mbali, siku mbili na si zaidi. Basi liliposimama njiani, mke akashuka kwenda msalani, na aliporudi basi lilikuwa limekwisha kuondoka. Akakaa kwenye hoteli ya kituoni kusubiri jingine. Baada ya saa mbili redio ikatangaza kwamba basi lile limetumbukia darajani na kuwaka moto. Jioni yake, akiwa bado pale pale, jina lake likasomwa kati ya waliotambuliwa, kwa kitambulisho kilichokutwa kwenye mkoba wake.

Mtu mwingine angeruka na kupiga kelele kwamba yu hai. Yeye aliomba kikombe cha pili cha chai.

Mama mdogo alimpokea, akamficha, akampa karatasi za binti yake aliyefariki mdogo. Kwa jina hilo la kuazima alisoma ushauri nasaha, akafaulu vizuri, maana kusikiliza bila kujibu alikuwa amekufanyia mazoezi miaka sita ya ndoa. Na kwa jina hilo hilo alifungua ofisi ya kuwafundisha watu wasidanganye.

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, akaja mteja mpya. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, gauni limepigwa pasi mpaka likakasirika, vifungo mpaka shingoni. Akakaa ukingoni mwa kochi.

"Karibu, dada. Hapa uko salama," Mama Utulivu akasema, sauti ya kumlaza mtoto. "Kitu gani kimekuleta?"

"Mume wangu ananilinganisha na mke wake marehemu."

"Mmh. Hilo linakufanya ujisikieje?"

"Mjinga. Yule hakuwahi kuchelewa, hakuwahi kuunguza, hakuwahi kujibu. Mimi nashindana na mtu asiyekula wala kwenda msalani. Nitamshinda vipi?"

Mama Utulivu alitabasamu lile tabasamu la kazi. Akauliza mume anafanya shughuli gani.

"Ni mwalimu mkuu," yule mwanamke akasema, akaitaja shule.

Kalamu ya mshauri ikasimama. Alijikohoza, akanywa maji, akaandika kitu kwenye daftari lake. Baadaye alipokisoma aliona ameandika neno *maji*.

Akili ilimwambia amwelekeze mteja huyu kwa mshauri mwingine, jambo ambalo maadili ya kazi yanaliagiza na kitabu chenyewe kilikuwa rafuni nyuma yake. Lakini kuna kitu kimoja hakuna binadamu anayekikataa, nacho ni kusikia anavyosifiwa matangani kwake. Akampa miadi ya Jumatatu inayofuata.

Jumatatu ya pili alisikia kwamba alikuwa mpishi hodari. Ya tatu akasikia kwamba sauti yake ilikuwa kama maji mtungini, na kwamba picha yake ya harusi inafutwa vumbi kila Ijumaa na mke wa sasa, kwa kitambaa maalumu. Aliporudi nyumbani alijitazama kwenye kioo cha bafuni na akakuta anaringa. Usiku huo na siku zilizofuata hakulala. Kila gari lililopunguza mwendo mtaani lilikuwa la Mwalimu Mkuu. Televisheni alikwenda kama kawaida, akazungumzia uwazi katika ndoa.

Jumatatu ya nne yule mwanamke alikuja amechoka. "Jana alikuwa sebuleni na magazeti yake," akasema. "Mimi nafua uani. Akataka chai, na akitaka chai ni pale pale, usipofika..."

"Siku hizi anapiga mara ngapi? Bado tatu?"

Yule mwanamke akainua uso polepole. "Anapiga nini?"

"Kengele," mdomo wa Mama Utulivu ukasema, kabla mwenyewe hajaufikia.

Kile kimya chote alichokinunua, zulia na pazia na saa isiyolia, kikamgeukia.

"Mimi sijasema kengele," mteja akasema.

"Ni kwamba... wateja wangu wengi huwa wana..."

"Wateja wako wengi waume zao wanawaita kwa kengele ya shule?"

Mama Utulivu akanyoosha mkono kwenye boksi la karatasi laini, akachomoa moja, akaishika tu. Yule mwanamke akafungua kipochi, akatoa picha ndogo, akailaza mezani baina yao. Bibi harusi alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto.

"Naifuta vumbi kila Ijumaa," akasema. "Jumatano moja nikawasha televisheni, nikakuona. Nikasema watu hufanana. Nikaja nione kama mdomo nao utafanana. Umenichosha, mke mwenzangu. Jumatatu nne nzima!"

Ningependa kusema kwamba jambo la kwanza lililompitia Mama Utulivu kichwani lilikuwa majuto. Lilikuwa kipindi cha Jumatano.

"Unataka nini?" akauliza. Sauti ya kumlaza mtoto ilikuwa imeondoka. Hii ilikuwa ya mwanamke wa kawaida.

"Nataka ufufuke."

"Unasemaje?"

"Nimeomba talaka mara mbili. Wazee wake na wa kwetu wote wananiambia mwanamume anayemlilia mke miaka yote hii hawezi kuwa mbaya. Hakimu akaniuliza, 'Sasa mama, kengele nayo ni kosa?' Lakini ndoa yetu ni ya cheti, ya mke mmoja. Mke wa kwanza akiwa hai, mimi sikuolewa. Sihitaji talaka, sihitaji wazee. Naondoka mchana kweupe na begi langu."

"Na mimi je? Nikifufuka, mimi ndiye mke wake!"

"Ndiyo," yule mwanamke akasema. "Hongera."

Akasimama, akaunyoosha ule mkunjo mmoja wa gauni. "Jumamosi saa nne asubuhi kuna kumbukumbu yako, ukumbi wa shule. Anatoa hotuba. Usipokuja, Jumatano nitakuja mimi kwenye kipindi chako." Mlangoni akageuka. "Na nina swali moja, si la kukutisha. Nafagia lile kaburi kila mwaka. Mle ndani ni nani?"

Mama mdogo aliposimuliwa, hakusita. "Mwanangu, maiti haibishani. Funga safari, nitakutafutia jina jingine."

Na kweli alianza kufunga. Sanduku lilikuwa wazi kitandani, nguo nusu ndani nusu nje, lakini swali la mlangoni halikumbanduka. Alijua jibu lake. Kwa miaka yote ya kazi yake aliwauliza watu mamia, "Ni nini unachokikwepa?" naye akijua vizuri chake kilivyovaa: skafu ya kijani. Alikuwa mwanamke wa kiti cha jirani kwenye basi lile, mcheshi. Basi liliposimama, Mama Utulivu alimwambia, "Shoga, nishikie mkoba, narudi sasa hivi." Yule akaupakata.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Picha ya marehemu ilikuwa imekuzwa ikawa kubwa kuliko mlango, imezungushiwa maua ya plastiki. Mwalimu Mkuu alikuwa kwenye kipaza sauti, kitambaa cheupe mkononi tayari kwa machozi ya aya ya tatu.

"Hakuwahi kunijibu," alikuwa akisema. "Hata neno moja. Vijana wa leo mnaelewa hiyo maana yake?"

Mama Utulivu aliingia kwa mlango wa nyuma, akatembea katikati ya viti. Mwalimu Mkuu aliona kivuli tu.

"Waliochelewa wakae nyuma, tafadhali," akasema.

Hakukaa. Alifika mpaka mbele, akasimama chini ya picha yake. Bibi mmoja wa mstari wa kwanza alitazama picha, akamtazama yeye, akatazama picha tena, kisha akavua miwani na kuifuta, kana kwamba kosa ni la miwani. Mwalimu Mkuu akaacha kusoma. Safari hii hakuzimia. Uso wake ulipita rangi kadhaa, ukatua kwenye ile ya zamani ambayo mkewe aliifahamu kuliko jina lake. Akainama kumsemesha taratibu, akisahau kwamba kipaza sauti kiko wazi.

"Ulikuwa wapi muda wote huu? Nani alikuruhusu?"

Spika nne za ukumbi zikamrudia, moja baada ya nyingine. Mia tatu na ushee waliyasikia maneno yale, na wenye simu walikuwa wameshaziinua.

"Hakuna aliyeniruhusu," mkewe akamjibu.

Mke wa pili, aliyekuwa pembeni na sinia la vikombe, aliliweka sinia chini sakafuni. "Karibu nyumbani, dada," akasema, akatoka. Begi lilikuwa nyuma ya mlango.

Mambo yaliyofuata yalikwenda kama yanavyokwenda. Polisi walimwita Mama Utulivu kuhusu zile karatasi za binti wa mama mdogo, mahakama ikampa kifungo cha nje, na chama cha washauri kikamfutia leseni kwa barua ya kurasa mbili iliyojaa neno *uadilifu*. Kipindi cha Jumatano akapewa bwana mmoja wa ufugaji wa kuku. Wateja wake waligawanyika. Wengine walisema wametapeliwa, wengine walisema hawajawahi kusaidiwa hivyo, na wawili waliacha waume zao wiki hiyo hiyo.

Ndoa ya pili ilitangazwa batili kwa dakika kumi. Mwalimu Mkuu alikwenda kwa wazee akasema yuko tayari kumsamehe wa kwanza, mradi arudi nyumbani. Wa kwanza akafungua kesi ya talaka. Hakimu, yule yule wa kengele, aliomba kusikilizishwa ile sauti ya ukumbini, akairudia mara mbili, akavua miwani na kuandika hukumu bila kuinua kichwa. Siku hizi Mwalimu Mkuu anatafuta mke. Wazazi wa mabinti wakiuliza habari zake, wanaambiwa wa kwanza alikufa na kumkimbia, wa pili hakuwahi kuwepo.

Kaburi lilifunguliwa. Kumjua mwenye mwili hakukuwa kazi kubwa, ila hakuna aliyewahi kuifanya: katika abiria wote alikuwepo mmoja ambaye mwili wake haukupatikana, yule wa skafu ya kijani. Wakwe zake walishaeleza zamani kwamba alishuka njiani na kutoroka na mwanamume. Mama yake aliishi na fedheha hiyo miaka kumi na minne. Aliacha kwenda harusini, kwa kuwa kila harusi ilikuwa na mtu wa kumuuliza habari za binti yake huku akimkonyeza jirani.

Mama Utulivu ndiye aliyemwendea. Alimkuta jikoni, mwanamke mwembamba wa miaka sabini, ambaye hakumpa mkono. Mgeni akakaa, akainamisha kichwa, na mazoea yakamtangulia.

"Mama, ninasikia uchungu wako..."

"Usinisikie," mama yule akasema. "Niambie."

Basi akamwambia. Kwamba alikuwa na skafu ya kijani. Kwamba alikula karanga, akawagawia watu wa viti vya mbele bila kuombwa. Kwamba alimcheka dereva kwa kuimba vibaya. Kwamba alikuwa akienda kumwona mtoto mchanga wa dada yake, na alikuwa amemshonea kofia mbili, maana hakujua kichwa chake kina ukubwa gani.

"Kwa hiyo hakutoroka."

"Hakutoroka. Mimi ndiye niliyetoroka. Yeye alinishikia mkoba."

Mama yule alikwaruza kitu kikavu mezani kwa ukucha. Mama Utulivu hakulia, kwa kuwa hakuona ana haki hiyo katika jiko la mwenzake.

"Nenda," mama akasema mwishoni. "Kesho urudi. Dada zake watakuwepo. Utaanza tangu mwanzo, mlipopandia basi, na usiruke kitu."

Kesho yake alirudi. Dada watatu walikuwa wamepanga viti, na mkubwa wao alikuwa amewaita pia wale wakwe wa marehemu dada yao.