Swichi ya Mkono

Daktari alimruhusu mama arudi nyumbani kwa sharti moja: mashine ya oksijeni isizimike zaidi ya nusu saa, kwa kuwa mtungi mdogo wa akiba haukuweza kuvuka hapo. Mama naye alikuwa na lake. Alikuwa ameomba asife wodini, katikati ya watu wasiojua anapenda mto wa namna gani. Baba aliwasikiliza wote wawili, akauliza mashine inakula wati ngapi, akaandika jibu kiganjani kwa kalamu ya muuguzi.

Alikuwa fundi wa laini za umeme kwa miaka thelathini na moja kabla hajastaafu. Ndani ya wiki tatu akafunga paneli nane za sola juu ya paa, betri nne na inveta stoo, na kwenye ukuta wa korido akaweka swichi ya mkono yenye mpini mwekundu. Mpini ukiwa juu, nyumba inakula umeme wa kampuni. Ukiwa chini, inakula wa paneli, na laini ya nje imetengwa kabisa. Hilo la kutenga hakuwa na mzaha nalo. Mwenzake mmoja alifia juu ya nguzo, kwenye laini iliyozimwa, kwa sababu mwenye duka aliwasha jenereta bila kujitenga. Umeme ukatoka dukani ukampandia.

"Umeme hauna adabu," baba alizoea kusema. "Ukiachiwa mlango, unatoka."

Umeme wa kampuni ulikatika karibu kila siku. Baba alikuwa anainuka, anashusha mpini, anarudi kuketi. Mama, mrija puani, alimwita Bawabu Mkuu. Alifundisha shule ya msingi maisha yake yote, na kugawa vyeo hakukumtoka.

Mwezi wa nne akaja mkaguzi wa kampuni, mwanamke wa makamo, viatu vimejaa vumbi, faili kwapani.

"Shikamoo, mzee wangu. Serikali imetoa kanuni mpya. Kila anayezalisha umeme kwake huku bado ameunganishwa kwetu, ajisajili. Halafu kuna tozo ya kila mwezi, ya utayari."

"Utayari wa nani?" mama akauliza kutoka kitandani. Mlango wa chumba chake haukufungwa kamwe.

"Wetu, mama. Nguzo, waya na transfoma vinawangoja, hata mwezi ambao hamkutumia uniti moja."

"Yaani tunalipia kungojwa?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nimemngoja huyu ashuke nguzoni miaka thelathini na moja. Dai langu nilipeleke dirisha lipi?"

Mkaguzi alicheka hadi akaziba mdomo kwa faili. Baba hakubisha juu ya tozo. Alijua waya haujitunzi, na mtu anayeutaka siku ya mawingu hana budi kuuchangia siku ya jua. Kilichomkwama kooni ni kipengele kilichofuata: swichi ya mkono haikubaliki tena. Iwekwe ya kujiendesha, iliyoidhinishwa, ndani ya siku tisini, la sivyo paneli zitatiwa sili, zisitumike.

"Mkono unasahau, mzee," mkaguzi alisema kwa upole.

"Mkono wa nani?"

"Sijasema wako."

"Huu," baba akaunyoosha mbele yake, "haujasahau tangu wewe uko tumboni."

"Mwache mtoto wa watu afanye kazi yake," mama akaita. "Na wewe mkaguzi, kunywa chai. Umekonda kama rula."

Baba alijisajili, akaanza kulipa tozo. Lakini badala ya kuagiza swichi mpya aliiandikia mamlaka ya nishati barua ya pingamizi, kurasa nne na michoro. Mimi ndiye niliyeichapa. Niliona ana haki. Nalisema hili mapema, nisije nikaonekana nilisimama upande mwingine.

Siku ya sitini na mbili ilikuwa Jumanne. Asubuhi lori la kampuni lilisimama mtaani kwetu, mafundi wamekuja kubadilisha waya wa nguzo iliyo nje ya geti. Msimamizi wao alikuwa Paka, mtu mzima sasa mwenye mvi, aliyepewa jina hilo na baba enzi zile akimfundisha kupanda.

"Mwalimu, tunawapa giza kidogo," Paka alisema getini. "Nawatenga nyinyi na jirani yenu, saa moja tu."

"Giza la mchana halina meno. Panda."

Saa nne umeme ukakatika. Nilisikia mashine ikipiga kelele yake ya kuomba msaada, nikasikia hatua za baba kwenye korido, halafu sikusikia mpini ukishuka. Uligoma. Aliuvuta kwa mikono miwili, ukakatikia mikononi mwake.

Nilimkimbilia mama na mtungi wa akiba. Kuukagua mtungi ilikuwa kazi yangu, kila Jumapili, na Jumapili mbili zilikuwa zimepita. Sindano ya geji ilikuwa imelala kwenye sifuri. Vali ilivuja, na mimi sikutazama.

"Baba, mtungi hauna kitu!"

Midomo ya mama ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Alinishika mkono, akijitahidi kutabasamu ili nisiogope, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Inveta haikuwa na tundu la plagi. Waya wake ulikwenda moja kwa moja kwenye swichi iliyovunjika. Baba akaukata, akafunga plagi kwenye ncha yake, akaichomeka kwenye soketi ya korido, umeme uingie nyumbani kinyumenyume. Kazi ya dakika tatu. Kila fundi wa laini anajua kwamba kabla ya kufanya hivyo unashusha meini swichi, ili umeme usitoke kwenda nguzoni. Baba aliwahi kufukuza watu kazi kwa kutoishusha. Siku hiyo hakuishusha.

Mashine ikaanza kuvuma. Mama akavuta pumzi, tena, tena. Baba aliegemeza paji la uso ukutani.

Ndipo tukamsikia jirani upande wa pili wa ua. "Umerudi! Umeme umerudi!" Na redio yake ikafuata, kwa sauti ya juu.

Baba alinitazama. Kisha akakimbia, kwa miguu ile ya miaka sitini na minane, akaipiga meini swichi chini kwa ngumi.

Paka alikuwa ananing'inia kwenye mkanda wake, kichwa kimelala kifuani. Wenzake walimshusha akiwa hai. Mkono wake wa kulia, kuanzia vidoleni hadi juu ya kifundo, sitausimulia. Alikuwa amepima laini kwa testa, akaikuta imekufa, akavua glavu moja ili apate kusokota waya mwembamba.

Siku mbili mama alikaa na oksijeni ya kuazima, iliyotakiwa irudi zahanati. Baba aliunga swichi upya, na siku ya tatu tukaenda kumwona Paka kwake. Alikuwa ameketi mlangoni, bandeji hadi kiwikoni.

"Nimeanza kuchana nywele kwa kushoto," alisema. "Mke wangu anasema nafanana na jogoo aliyenyeshewa."

Baba hakucheka.

"Mwalimu, fomu ya ajali bado iko kwangu. Hakuna aliyeiona plagi yako. Nitaandika chanzo hakijulikani."

"Wakiona hakijulikani, watasema nini?"

Paka akatazama bandeji.

"Watasema ulivua glavu," baba akajibu mwenyewe.

"Si nilivua kweli?"

"Uliivua kwenye laini iliyokufa. Aliyeifufua ni mimi. Ukiandika hakijulikani, fidia huna na kosa ni lako."

"Na ukisema wewe, paneli zinatiwa sili siku hiyo hiyo. Mama atakwenda wapi?"

Baba aliinuka, tukaondoka. Njiani nilikuwa naomba moyoni anyamaze milele, na naona haya kuandika hivyo.

Alimweleza mama kila kitu, ameketi pembeni ya kitanda, mikono magotini kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Mama alisikiliza hadi mwisho. Maneno yalimjia kidogo kidogo, kati ya pumzi na pumzi.

"Paka ana watoto wangapi?"

"Wanne."

Mama akanigeukia mimi.

"Niletee sweta yangu ya bluu. Wodini kuna baridi."

Baba aliifuata fomu kwa Paka, akaijaza kwa mkono wake, hati nzuri, bila kujitetea popote. Mkaguzi alikuja Ijumaa. Aliingia stoo, akakaa huko muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Nisamehe, mzee wangu."

"Kaza hiyo sili," baba alisema. "Imelegea."

Jioni hiyo tulimrudisha mama wodini. Kibali cha kuwasha paneli upya kilihitaji miezi miwili. Mama alihitaji siku kumi na moja.

Wodini wageni waliruhusiwa mchana, saa saba hadi saa nane, na jioni, saa kumi hadi saa kumi na moja. Baba alifika kila mara nusu saa kabla, akasimama getini na mto wa nyumbani chini ya kwapa, maana ule wa hospitali ulikuwa mgumu, na wa nyumbani hawakuruhusu uachwe huko. Siku ya kumi na moja mama alifariki saa tisa na dakika arobaini.

Muuguzi alitukabidhi sweta, miwani na kitana ndani ya mfuko.

"Aliuliza kama umefika," alimwambia baba. "Nilimwambia uko njiani."

"Nilikuwa getini," baba alisema.

Muuguzi aliinamisha uso. Saa za wageni hakuzipanga yeye, na baba alilijua hilo. Akamshukuru, akaupokea mfuko, tukatoka.