Usiguse Mizizi

Marakuja za Swafiya, yaani pasheni, ziliacha kuzaa mwaka ule walipofyeka kichaka cha nyuma ya nyumba yake kule Nyamirambo, Kigali, ili watu wajenge. Mmea ulikuwa umefunika uzio mzima na ulitoa maua kama kawaida, lakini kila asubuhi aliyakuta chini, yamenyauka, bila hata tunda changa. Swafiya alikuwa mshonaji, na wateja wake walikuwa wamezoea kupewa gilasi ya juisi wakisubiri pindo la nguo. Sasa walipewa maji.

Nyirarukundo, mama wa makamo aliyemletea mihogo kutoka Butamwa, ndiye aliyemwambia kilichopungua.

"Wale nyuki weusi wakubwa wamehama. Marakuja haishiki tunda bila wao. Na hawawezi kukaa kwako kwa ajili ya ua linalofunguka siku moja. Wape chakula cha muda mrefu."

Juma lililofuata alileta vichwa vikavu vya igicumucumu, ule mmea wa porini unaopita kichwa cha mtu, wenye maua ya rangi ya chungwa yaliyojipanga duara kwenye shina. Vichwa vilikuwa na miiba iliyochoma vidole.

"Pukuta mbegu, nyunyiza juu ya udongo, gandamiza kwa kiganja. Usizifukie, zinataka mwanga. Na uvumilie. Mmea huu ukishika mizizi umeshika, hata ukikatwa utaamka."

Swafiya alizipanda Oktoba 1978, mvua zilipoanza, kwenye mteremko kati ya uzio na barabara. Zilichipua ndogo kama miche ya mchicha. Alizipunguza, akaacha mashina kumi na mawili yaliyoachana hatua moja moja. Kufikia Aprili yalimfika mabegani, na juu yake duara za kwanza zilianza kufunga vitumba. Maua bado.

Ndipo Mutabazi, kiongozi wa seli, yaani mtaa wao, aliposimama barabarani na daftari lake.

"Mama Zaina, hii iko pori."

"Si pori, mkuu," Swafiya alijibu. "Nimepanda mwenyewe."

"Nani anapanda igicumucumu? Jumatano ya juma lijalo wakubwa wanapita hapa. Jumamosi hii, kwenye kazi ya umuganda, mtaa mzima tunang'oa yote."

Jioni Swafiya alimweleza mumewe, Ndayisaba, aliyekuwa mtunza bohari kule Gikondo. Hakumaliza hata maneno.

"Ng'oa leo," Ndayisaba alisema. "Ng'oa kabla hajaja."

"Wiki tatu tu, Baba Zaina. Yatafunguka."

"Mwaka jana nilikosa umuganda mara moja, nikalala ndani siku mbili. Umesahau? Sakafu ile ilikuwa na maji. Na wewe unataka nirudi huko kwa ajili ya majani!"

Swafiya hakusahau. Alikumbuka namna mumewe alivyorudi, akakaa kitandani bila kuvua viatu. Hata hivyo hakung'oa.

Jumamosi wanaume walishuka na barabara wakifyeka na kufagia. Anga upande wa mlima Kigali lilikuwa jeusi. Walipofika kwenye uzio wa Swafiya, Mutabazi alimtafuta mtu mmoja kwa macho.

"Ndayisaba. Hapa iko kwako. Toa hiyo, na mizizi yake."

Ndayisaba alitoka kwenye kundi na jembe mkononi. Wenzake waliegemea mipini yao, wakitazama. Swafiya alikuwa kwenye mlango wa uzio, kilemba kimelegea, na hakukumbuka kukifunga. Akili yake ilimwambia kwamba akipiga kelele atamponza mumewe, na akinyamaza, miezi sita imekwisha. Jembe lilipaa.

"Mkuu!" aliita. "Samahani. Ukichimba mteremko huu leo, mvua ile inaushusha wote barabarani. Jumatano wakubwa watakanyaga tope mahali mlipofagia. Mizizi hii ndiyo inashika udongo. Tukate tu, ibaki safi."

Jembe lilibaki hewani. Mutabazi aligeuka, akatazama mlima, kisha barabara iliyong'aa kwa kufagiwa. Mzee mmoja nyuma alikohoa, akasema taratibu, "Hapo anasema kweli."

Mutabazi hakupenda. Alimnyang'anya Ndayisaba jembe, akachimbua shina la kwanza kwa mikono yake mwenyewe, akalitupa miguuni pa Swafiya na udongo wake. Akaenda la pili. Nalo likatoka. Tone la kwanza la mvua lilipoanguka kwenye daftari lake, alisimama.

"Kata yaliyobaki," alimwambia Ndayisaba. "Mpaka chini kabisa. Nisione hata jani."

Ndayisaba alichukua panga. Alikata mashina kumi, moja baada ya jingine, bila kumtazama mkewe. Vitumba vilianguka kwenye matope.

Wiki mbili hawakuzungumza ila ya lazima. Visiki vilikauka, vikawa vyeusi, na Swafiya akajilaumu kwamba ameokoa vijiti. Kisha asubuhi moja kabla ya kazi alimkuta Ndayisaba amechuchumaa mteremkoni, suruali ya bohari imelowa magotini.

"Njoo," alisema. "Saba vimetoa machipukizi. Nimehesabu."

Swafiya alipochuchumaa kando yake, Ndayisaba aliongeza kwa sauti ya chini, "Siku ile niliogopa sana, Mama Zaina."

"Najua. Hata mimi."

Vitatu vilikufa. Saba vilipanda kwa nguvu kuliko mwanzo, kila kimoja na matawi manne au matano, na Mutabazi alipopita tena vilikuwa vimefunguka vyote, rangi ya chungwa mpaka juu. Alitazama, akaandika kitu daftarini, akaendelea na safari yake. Hawakujua aliandika nini, na kwa mwezi mzima Swafiya alishtuka kila mlango ulipogongwa.

Nyuki weusi walirudi Novemba. Marakuja zilishika, si nyingi, kapu moja na nusu. Nyuki wenyewe walichagua kukaa kwenye boriti ya jikoni, wakaitoboa, na Ndayisaba akawa anakula huku amefunika sahani kwa kiganja ili unga wa mbao usimwangukie kwenye maharage.

"Wafukuze basi," Swafiya alimwambia.

"Waache," alisema, akaendelea kula.