Tano za Pau

Wilhelmina hakunyang'anywa mume. Angenyang'anywa mume, angalau ndugu wangekuja kumpa pole. Yeye alinyang'anywa mwenza wa briji, na kwa jambo hilo hakuna anayekuletea hata kilo moja ya sukari.

Miaka tisa alikaa meza moja na Mihayo, mwalimu wa hesabu, wakitazamana kila Jumapili. Mwaka jana Mihayo akahamia timu ya Nyegezi, akaanza kucheza na Akelo, mhadhiri kijana wa kike kutoka Musoma, mwenye vidole virefu na kicheko kisichochelewa. Alimmwaga Wilhelmina kwa simu, tena simu fupi. "Nahitaji damu changa," alisema, kana kwamba anazungumzia ng'ombe. Watu wakamwambia Wilhelmina kwamba hizo ni karata tu. Waliosema hivyo hawajawahi kuelewana na mtu miaka tisa bila kufungua mdomo.

Leo timu yake ya Mkolani ilikuwa inacheza fainali na Nyegezi, na Mihayo na Akelo walikuwa humo humo hotelini, chumba cha pili. Mashindano ya timu yana ukatili wake. Karata zile zile huchezwa katika vyumba viwili, kisha matokeo hulinganishwa. Kiti alichokalia Wilhelmina hapa, kule alikikalia Akelo. Kila karata aliyoishika yeye, Akelo naye aliishika, tena mbele ya macho ya Mihayo. Tangu asubuhi wivu ulikuwa haumwachi, hata chai ya mapumziko aliiacha ipoe.

Wakati wa chai hiyo Mkolani walikuwa nyuma kwa pointi saba, na tangu hapo hapakutokea mgao wa kubadilisha hesabu. Ukabaki mgao wa mwisho. Wilhelmina akafungua karata zake. Kopa nne, shupaza za kupendeza, na pau hakuna hata moja. Mbele yake mwenza wake wa sasa, Ndalahwa, daktari wa mifugo mstaafu, anayecheza kama anayemkaribia fahali asiyemjua, akaanza kunadi kwa kopa moja.

Mwili ukamsisimka. Katika briji mnanadi kwanza, mnaahidi mtashinda mizunguko mingapi, ndipo mnacheza. Hapa palinukia slemu, yaani kunadi sita: mizunguko sita ya mwanzo haihesabiwi, kwa hiyo ukisema sita umeahidi kumi na miwili kati ya kumi na mitatu. Njia ya kuifikia aliijua: kuruka moja kwa moja hadi tano za pau. Hiyo haina maana kwamba una pau. Ni kumwambia mwenzako, "Pau sina hata moja, kama mengine unayo, vuka twende sita." Waliibuni yeye na Mihayo kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga, wakitoka mazishini Sengerema, wakaiita Kivuko. Bila hiyo, kwa karata hizi, hakuna mwenye akili timamu ambaye angepita nne.

Ndalahwa hakuijua. Si kwamba kichwa kilikuwa kizito. Wilhelmina alimnyima makusudi. Kivuko kilikuwa cha watu wawili. Akinadi tano za pau, mzee wa watu atadhani ana pau za kumwaga, atamwacha hapo hapo, na aibu itawafika wote. Akanadi kopa nne, roho ikimuuma, na hakuna aliyenadi zaidi.

Ndalahwa akacheza. Kopa nne ambazo wao wawili hawakuwa nazo zikakutwa zote mkononi mwa mpinzani mmoja, mkosi unaotokea labda mara kumi kwa mia. Wakapata mizunguko kumi na mmoja. Kwa ahadi ya kopa nne, yaani mizunguko kumi, hiyo ilitosha na kubaki. Kwa sita, wangeanguka.

"Mama, umetulia sana," Ndalahwa akanong'ona. "Wale wakiwa wamepanda sita, kombe letu. Wakiwa wameishia nne kama sisi, tumelala."

Hapo ndipo Wilhelmina akaelewa alipo. Kombe lingekwenda Mkolani kwa sharti moja tu: Mihayo awe amemfundisha Akelo Kivuko. Kama amekitunza, basi wameishia nne, na Mkolani wameshindwa.

Akaomba washindwe. Aliomba kweli, macho yamefumbwa, kwa jina la Baba na la Mwana, Mihayo awe ameishia nne. Pembeni Ndalahwa alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya shati, miaka sabini na moja, hajawahi kushika kombe la aina yoyote. Wilhelmina alimwona, akaona haya, na ombi hakulibadilisha.

Pius, nahodha wao, akaingia na karatasi ya matokeo.

"Wamenadi sita za kopa, wameanguka kwa moja," alisema. "Tumeshinda kwa pointi nne."

Ndalahwa akakaa chini na kulia. Watu wakaja kumshika Wilhelmina mkono, wakisifu busara yake ya kuishia nne, naye akawaitikia. Alikuwa bingwa wa Kanda ya Ziwa, na angempa kombe hilo yeyote ambaye angemhakikishia kuwa karatasi ile ilikosewa.

Akelo akamfuata hadi barazani.

"Shikamoo mama. Hongereni sana."

"Marahaba."

"Karata zimetukataa tu. Kunadi tulinadi vizuri. Mihayo ana kitu chake anakiita Kivuko, tano za pau. Alinifundisha wiki ya kwanza kabisa. Alikibuni mwenyewe kwenye foleni ya Kamanga, mvua inanyesha, hana hata mtu wa kuongea naye."

Wilhelmina akamtazama vidole, kisha usoni. Msichana hakuwa na kejeli. Alikuwa anaamini kila neno.

"Siku ile hapakuwa na mvua," akamwambia. "Lilikuwa jua kali, na mwavuli wangu aliushika yeye."