Birika la Sura ya Tisa

Jumatatu, saa nne na dakika kumi, walimu kumi na wanne waliingia ofisini kunywa chai na kukuta birika la umeme halipo. Waya wa kuongezea umeme ulikuwepo, kopo la sukari lilikuwepo, na vikombe vilikuwa vimeoshwa na kupangwa kifudifudi juu ya kitambaa. Mwalimu wa hesabu aliinama, akatazama chini ya meza, akatazama tena kwa kuhakiki.

"Limeibwa," akasema.

Mwalimu wa fasihi alijua liko wapi. Birika lilikuwa jikoni kwake. Alilichukua Ijumaa jioni kwa sababu jiko lake lilikuwa bovu, na dada yake alikuja kumtembelea na mtoto mchanga. Alikusudia kulirudisha asubuhi ile, akalisahau katika haraka za kuwahi zamu. Lilikuwa kosa dogo, la kusema "Jamani, nisameheni" na watu wakacheka. Lakini kabla hajafungua mdomo, mkuu wa shule aliingia, akalisikia neno la mwalimu wa hesabu, akatangaza kwamba mwizi huyo, awe nani, kazi hana. Barua ya kumpandisha mwalimu wa fasihi awe msaidizi wake ilikuwa mezani kwake, inangoja sahihi tu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mkuu akasema. "Nani anakaa na ufunguo wa chumba hiki?"

Ufunguo alikaa nao Mama Pacha, mfagiaji, kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Aliitwa, akaja na tambara la kudekia begani na kandambili zilizolowa.

"Mkuu, mimi niibe birika la umeme nikachemshie nini?" akauliza. "Kwangu hata umeme hakuna."

Ulikuwa utetezi mzuri, na hakuna aliyeuandika. Aliwatazama walimu mmoja mmoja. "Jamani, si mnanijua?"

Walimjua vizuri sana. Kila mmoja alichungulia kikombe chake kitupu. Mwalimu wa fasihi naye alichungulia chake, akijiambia atasema mkutano ukiisha. Mkutano uliisha.

Mama Pacha aliambiwa aache ndoo na aende zake. Daftari la mlinzi linaonyesha hakutoka getini. Mkutubi anasema aliingia maktaba saa tano na dakika ishirini, na mkoba wake kwapani, akamwamkia kwa adabu, akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya kitabu cha fasihi cha kidato cha nne. Mkutubi alikuwa anagonga mihuri. Alipoinua kichwa, palikuwa na vitabu tu.

Kitabu chenyewe ni riwaya ya zamani, iliyoandikwa kabla babu wa mkuu hajazaliwa, na imekaa kwenye mtaala mpaka watu wamesahau nani aliiweka. Katika sura ya tisa, msichana wa jikoni anafukuzwa kwa kijiko cha fedha ambacho hakukiiba. Tangu shule ifunguliwe, kila darasa lilipofika sura hiyo, msichana huyo alitoka kitabuni na kusimama mlangoni mpaka kipindi kiishe. Wanafunzi walimzoea. Aliacha majivu kidogo kizingitini, na Mama Pacha aliyafagia huku akimwambia, "Pole, mwanangu." Hakuna mwingine aliyewahi kumsemesha.

Mwaka huu hakungoja sura yake. Darasa lilikuwa bado sura ya sita pale Jumanne asubuhi alipokutwa kwenye ukumbi wa madarasa, kavaa gauni lake la karne nyingine, anadeki. Alianzia palepale Mama Pacha alipokuwa ameachia. Mkuu alimuuliza kama anadai chochote. Msichana alikamua tambara, na mkuu akaona jambo hilo limekwisha.

Mchana walikuja mapacha, wasichana wawili wa darasa la pili, kumfuata mama yao kama kawaida. Mkutubi hakuwa na moyo mgumu. Aliwakalisha kwenye kiti kimoja, akawafunulia riwaya ile, ukurasa wa themanini na nne, penye sura ya tisa. Walisoma polepole, kidole juu ya kila neno, kisha wakalaza mashavu juu ya ukurasa. Ulikuwa na unyevu na ulinukia sabuni.

"Mama bado yuko kazini," mmoja akamwambia mwenzake.

Walirudi siku iliyofuata, na iliyofuata. Mwalimu wa fasihi aliwaona dirishani, na kila alipowaona alisukuma sahani pembeni. Aibu aliyokuwa nayo ilikuwa aibu ya kweli, wala sisemi uongo. Usingizi ulimpaa. Alhamisi aliwahi shuleni kuliko wote, birika ndani ya mfuko, akaliweka pale pale lilipokuwa, akaligeuza mdomo upande wa dirisha kama lilivyozoea kukaa. Alidhani sasa yamekwisha.

Saa nne na dakika kumi mwalimu wa hesabu aliliona.

"Mnaona?" akasema. "Kaogopa, kalirudisha kinyemela. Sasa nani atasema hakuwa yeye?"

Walimu walisogeza vikombe vyao. Chai ilichemshwa. Jioni ile mkuu alitia sahihi barua mbili, ya kumfukuza Mama Pacha na ya kumpandisha mwalimu wa fasihi, kwa kalamu moja.

Wiki mbili baadaye darasa lilifika sura ya tisa. Wanafunzi arobaini walifungua ukurasa wa themanini na nne, na katika nakala zote arobaini, kwenye mlango wa jikoni mwa jumba la kale, alisimama mwanamke wa makamo mwenye kandambili na tambara begani. Bibi mwenye nyumba alimshtaki kuiba birika. Mwanamke alijibu kwamba kwake hata umeme hakuna. Wanafunzi walipiga mstari chini ya maneno hayo, kwa kuwa yalikuwa mazuri ya kunukuu.

"Dhamira?" mwalimu wa fasihi akauliza.

"Dhuluma kwa wanyonge," wakajibu kwa pamoja, na walikuwa sahihi. Aliandika ubaoni kwa mwandiko wake safi.

Kiranja aliinua mkono. Alikuwa msichana makini, asiyependa kuruka mstari.

"Mwalimu, hapa chini wameandika, 'Aliyejua birika liko wapi alikuwemo chumbani, akachungulia kikombe chake.' Ni nani huyo?"

Nje ukumbini tambara liliacha kusugua sakafu. Msichana wa jikoni alikuja mlangoni, akasimama mahali pake pa miaka yote, mikono ikichuruzika maji. Hakuwa na hasira usoni. Alingoja tu, na darasa zima likangoja naye. Mwalimu alishika chaki mpaka ikakatika.

"Hilo huwa halitoki kwenye mtihani," akasema.

Kiranja aliandika hivyo pembeni mwa ukurasa. Msichana wa jikoni alirudi kwenye ndoo yake. Mwalimu akawaambia wafungue sura ya kumi, ambayo, kama ilivyokuwa tangu zamani, haimtaji aliyefukuzwa hata mara moja.