Kitone kwenye Njia ya Kabambare

Mjukuu wangu Mounira aliporudi Kasongo na diploma yake ya kompyuta, kitu cha kwanza alichokitazama kilikuwa mguu wa mama yake. Nuru, binti yangu, alianguka na pikipiki kwenye njia ya Kabambare, na tangu hapo anatembea na fimbo. Motari aliyekuwa anamwendesha alikufa palepale. Mounira alikaa naye barazani, akaukanda ule mguu kwa mafuta ya mawese. Kisha akaniuliza, "Bibi, mbona watu hawapandi bisi ya Djafari?"

Nikacheka. "Bisi ya Djafari inaondoka ikijaa, mama yangu. Utangoja pale parkingi mpaka mihogo uliyoibeba ianze kuota."

"Basi bisi haina kosa. Kosa ni kungoja bila kujua."

Ndivyo ilivyoanza aplikasyo yake, ile programu ya simu aliyoiita Twende Wote. Aliichora kwenye meza ninapochambulia mchele, akanipa kila ukurasa niutazame kama vile mimi ndiye mwalimu. Ukitaka kusafiri, unabonyeza picha ya mkono. Mikono ikitosha, Djafari anawasha gari. Gari likiwa njiani, kitone cha kijani kinatembea kila penye rezo, yaani mtandao wa simu, ili anayengoja kando ya njia ajue atoke lini, na watu wa nyumbani wajue wapendwa wao wamefika wapi.

Mwanzoni aliweka na majina. Wamama wa soko wakakataa. Huku kwetu mwenye mali hatangazi safari. Anakwenda Kabambare na marobota ya vitenge, na jirani akimuuliza, anasema anaenda shamba. Mounira hakubishana nao. Aliondoa majina, akaacha mikono peke yake. Halafu, ili kuwavuta watu zaidi, akaongeza picha ya jicho, na pembeni yake hesabu ya wanaolifuata gari wakati huo.

"Mutu akiona wengi wanaiangalia bisi," alisema, "na yeye atataka kuwa ndani."

Wakataka kweli. Bisi ikawa inajaa hata siku za mvua. Fabrice, motari wa kona yetu, alimwambia Mounira, "Dada, unatuua na njaa kwa kidole kimoja." Lakini alikuwa anacheka, na jioni ile mvua ilipomkuta Mounira sokoni, ni huyo Fabrice aliyempakia mpaka mlangoni, bure.

Iliasi alikuwa ametufikia kabla ya hayo yote. Alikuwa kijana mchimbaji, anatoka machimbo ya Lusangi na homa, akaanguka mbele ya nyumba yangu. Nilimlaza barazani, nikamnywesha uji mpaka akasimama. Tangu hapo, kila akipita mjini anapita kwangu. Siku nyingine analeta kuni, siku nyingine samaki wa Nyangwe. Akiona maji yamepungua, anachukua bidoni na kwenda kisimani bila kuambiwa. Baadaye niliona ana viatu vipya. Sikumuuliza vimetoka wapi. Nilifurahi tu kwamba havai tena vile vilivyopasuka.

Siku moja alimwomba Mounira amuwekee ile aplikasyo kwenye simu yake. Akaitazama muda mrefu.

"Pale darajani, lile la mbao," aliuliza, "kitone kinaonekana?"

"Kinaonekana vizuri. Rezo iko juu ya kilima, na tena pale darajani. Katikati, bondeni, ndiyo hakuna."

"Na siku ya soko mikono iko mingi?"

"Mingi sana," Mounira akajibu kwa furaha.

Iliasi akatikisa kichwa taratibu. "Ni kazi nzuri, dada." Akabeba kikombe chake cha chai, akakiosha mwenyewe.

Baada ya hapo Mounira akaanza kuona jambo. Siku bisi ilipobeba wanafunzi na wagonjwa, macho yalikuwa machache. Siku za soko yaliongezeka kuliko abiria na ndugu zao wote. "Labda ni wanunuzi wa Kabambare," alisema. Na mimi nikasema labda. Lakini tangu siku hiyo alianza kuamka na kuishika simu kabla hajanawa uso.

Halafu Iliasi akaja mchana mmoja, kesho yake ikiwa siku ya soko. Nilikuwa nimepika bugali na sombe, majani ya mihogo. Akanawa, akakaa, akaitazama sahani. Hakuigusa.

"Unaumwa?"

"Hapana, bibi." Macho yake yalikuwa uani, ambako Nuru alikuwa anafunga mifuko yake ya chumvi. "Kesho mama Nuru abaki. Aseme mguu unamuuma."

"Mguu unamuuma kila siku, na kila siku ya soko anakwenda."

"Abaki, bibi."

"Na wengine watakaopanda?"

"Nilikula chumvi yako," alisema. "Yao sikuila."

"Iliasi, mutoto wangu, uko pamoja na nani?"

Alisimama. Akachukua bidoni, akaenda kisimani, akarudi, akaliweka mahali pake na kulifunika. Hakuaga.

Nilimwita Mounira na Djafari, nikawaambia yote. Mounira akakaa chini kwenye mkeka. "Nimewatengenezea mtego," alisema. "Mimi mwenyewe."

"Nyamaza, wewe ulitengeneza njia," Djafari akamwambia. Ni mtu wa mzaha, lakini uso wake ulikuwa umebadilika. "Kesho nitasema gari limekufa. Gari langu kufa si habari. Kila mutu ataamini."

"Hawa wanaotuvizia darajani hawataamini," Mounira akasema. "Leo mikono imejaa, kesho gari linakufa. Watatafuta aliyetoa siri."

"Na aliyetoa siri yuko katikati yao," nikasema.

"Yule mwizi?" Djafari akauliza.

"Huyo aliyenichotea maji. Hatuwezi kuwaokoa wengine kwa kumtoa yeye."

Djafari akanitazama. "Wewe mama, ukikutana na simba utamuuliza kama amekula." Lakini akaketi tena. Mwisho Mounira ndiye aliyepata la kufanya. Gari liondoke mbele ya watu wote, lakini lisifike. Kitone kiende peke yake, akikisukuma yeye kwa kompyuta, kisha kikwame juu ya kilima, mbali na daraja. Kipindi hiki cha mvua magari yanakwama pale, na hakuna anayeuliza kwa nini. Djafari alipeleka habari kwa walinda njia, bila kutaja jina. Wakamwambia watakwenda wakipata gari.

Asubuhi bisi iliondoka parkingi kama kawaida, honi juu. Nje ya mji ikakata njia ya mashamba, ikarudi ikaingia nyuma ya nyumba yetu. Abiria walishuka wakiwa wameshaambiwa, simu zao zimezimwa. Mama mmoja wa Kabambare, Célestine, alimbeba mtoto wa mwenzake aliyekuwa anatetemeka, akamwimbia polepole kwa Kibangubangu. Nuru alifungua mfuko mmoja wa chumvi aliokuwa anapeleka kuuza. Tukabandika chungu kikubwa kwa ajili ya wote.

Kwenye simu ya Djafari kitone kilikuwa kinakwenda. Kikapita mashamba ya mpunga, kikapita Lusangi. Abiria walisogea karibu kujitazama wakisafiri. Hakuna aliyecheka. Pembeni, macho yalikuwa yanaongezeka. Wasafiri wote walikuwa uani kwangu, ndugu zao wamepewa habari wasifungue simu, na bado macho yaliongezeka.

Juu ya kilima Mounira akaondoa kidole. Kitone kikasimama.

Haukupita muda, ujumbe ukaingia kwenye aplikasyo, hauna jina. *Mbona imesimama?*

Mounira akaandika, *Matope.*

Tukangoja. Célestine aliacha kuimba.

*Poleni. Tunakuja kuwasaidia kusukuma.*

Maisha yangu yote nimeuona wema huo kwenye njia yetu. Watu wanaweka mizigo chini, wanaingia matopeni mpaka magotini kwa ajili ya gari la mutu wasiyemjua, na hawangoji hata asante. Sikujua kama maneno hayo yanaweza kunitia baridi.

Jicho moja likazimika. Kisha lingine.

"Wanashuka bondeni," Mounira akasema. "Hakuna rezo pale."

"Watafika kilimani lini?" Nuru aliuliza.

"Kwa miguu? Kabla ya adhuhuri," Djafari akajibu. "Na hawatakuta hata alama ya gurudumu."

Watasimama pale kwenye njia tupu, nikawaza, watazamane. Mmoja atauliza ni nani kati yao anayependa kupita Kasongo.

"Mwandikie Iliasi akimbie," nikamwambia Mounira.

"Nimempigia, bibi, hapatikani. Na humu kwenye aplikasyo hakuna ujumbe wa siri. Niliifanya ili watu wote waone pamoja. Nikimwandikia yeye, wote watasoma."

Macho yaliendelea kuzimika, mpaka likabaki moja. Huyo hakushuka. Alikuwa bado darajani, penye rezo, anakitazama kitone ambacho hakikuwa na gari.

"Ni nani huyo?" Nuru akauliza.

"Sijui, mama. Niliondoa majina."

Nikaenda jikoni. Nikapakua bugali na sombe kwenye sahani anayoipenda Iliasi, nikaonja chumvi, nikaifunika, nikaiweka kando ya moto isipoe. Niliporudi uani bado walikuwa wameinama juu ya simu, na lile jicho moja lilikuwa bado wazi.