Yuko Kwenye Kikao

Madamu hashiki simu. Zake mbili nazibeba mimi kwenye mkoba wa begani, pamoja na yangu, na zote zinalia mlio mmoja, kwa sababu milio ya kuchanganyika inampa kipandauso. Ikilia yoyote naipokea upesi na kusema, "Yuko kwenye kikao. Naomba ujumbe, nitamfikishia." Nasema hivyo akiwa kikaoni kweli, akiwa bafuni, na hata akiwa amekaa mbele yangu anamenya chungwa, ananitazama nikidanganya kwa adabu.

Jioni hukaa kwenye chumba chake cha nguo, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Mimi husimama karibu na kabati la viatu nikimsomea ujumbe wa siku nzima. Majibu yake ni ya neno moja moja. Ndiyo. Hapana. Tutaona. Hilo la mwisho dereva wetu huliita makaburini.

"Likizo yangu imezikwa huko, dada," huniambia. "Siku moja tupeleke hata maua."

Watu hudhani namchukia. Sina nafasi hiyo. Mimi ndiye ninayemwona asubuhi kabla ya wengine, ameketi ukingoni mwa kitanda na kiatu kimoja mkononi, amesahau alitaka kukifanyia nini. Marehemu mumewe alimwachia makampuni, na pamoja na makampuni alimwachia mashemeji wanaosubiri ajikwae. Na ana udhaifu mmoja ambao hawaujui: majina ya watu hayakai kichwani mwake. Ndiyo maana kila kikao nasimama nyuma ya bega lake la kushoto. Mtu akisogea kumsalimia, namnong'oneza jina na kitu kidogo juu yake, kwamba mkewe amejifungua, au kwamba amehama nyumba. Watu huondoka wakisema, mama yule ana kumbukumbu ya ajabu.

Wiki hiyo mama yangu alikuwa anatolewa mtoto wa jicho.

"Nimezaa watoto, wote wameondoka," aliniambia. "Huyu wa jicho peke yake ndiye aliyekaa nami, na sasa naye wanamtoa kwa kisu."

Upasuaji ulikuwa Jumatano, na jirani yake angempeleka. Bandeji ingefunguliwa Alhamisi asubuhi, na siku hiyo alinitaka mimi. Jicho la pili lilikwisha kufa zamani. Hili ndilo lililobaki, na kwa muda mrefu lilikuwa linaona ukungu tu.

"Cha kwanza kukiona nataka kiwe uso wako," alisema. "Nimechoka kukukumbuka."

Nikamwahidi. Jumatatu nikamwomba Madamu ruhusa. Alikuwa anajaribu hereni mbele ya kioo. "Tutaona," akasema. Alhamisi hiyohiyo kulikuwa na mkutano wa wanahisa.

Jumatano mchana nilikuwa ukumbini napanga viti. Kiyoyozi kimegoma, fundi yuko juu ya ngazi anakigongagonga, mwenye maua ameleta maua ya msibani na anabisha kwamba ni ya furaha. Simu zinalia bila kupumua. Niliingiza mkono mkobani, nikatoa iliyokuja bila kuitazama, nikaiweka sikioni.

"Yuko kwenye kikao. Naomba ujumbe, nitamfikishia."

Nikasikia mtu akivuta pumzi, na pumzi ile nikaijua. Nikakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu.

"Haya," mama akasema, kwa ile sauti anayoitumia akiongea na watu wa maofisini. "Basi nitaacha ujumbe."

"Mama, ni mimi..."

"Usinikatize, binti, nitasahau. Mwambie upasuaji umekwisha na sikuumia. Mwambie kesho asubuhi wananifungua. Kama kikao chake kitakuwa hakijaisha asijisumbue, nitamtazama daktari. Wauguzi wanasema ana sura nzuri. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Ahsante. Sauti yako nzuri, ila umechoka. Wewe una mama?"

"Ninaye."

"Msalimie."

Akakata. Fundi alipowasha kiyoyozi, nilikuwa bado nimekaa palepale.

Katika kazi hii nimekosea mengi, lakini ujumbe sijawahi kuuacha njiani. Jioni nikamsomea Madamu kama kawaida. Mkandarasi anaomba muda zaidi. Hapana. Wifi yake anauliza kama atakuja Jumapili. Tutaona. Nikaendelea kwa sauti ileile.

"Kuna mama mmoja amepasuliwa jicho leo. Kesho asubuhi anafunguliwa bandeji. Anaomba binti yake awepo."

"Ananijua?"

"Hapana, Madamu. Anamjua binti yake."

"Binti yake ni mfanyakazi wetu?"

"Ndiyo."

"Idara gani?"

"Hii."

Miguu yake ikaacha kuchezea maji. Alinitazama kama anavyowatazama wale wanaomsalimia kabla sijamnong'oneza.

"Uliniambia," akasema.

"Jumatatu."

"Nikasemaje?"

"Tutaona."

Akatoa mguu mmoja, akaurudisha. "Kesho mashemeji wote watakuwepo, na watoto wao waliokwisha kuota ndevu, na wote wanafanana kama vikombe vya seti. Nani ataninong'oneza?"

"Nitaweka vibao vya majina mezani. Mbele ya kila mtu."

"Watajua."

"Watadhani ni ustaarabu."

Alicheka kwa pua tu. Kisha akafumba macho, akaegemeza kichwa kwenye kiti. "Tutaona," akasema. Nikamfuta miguu, nikamwaga maji.

Usiku huohuo nilirudi ukumbini, nikavitengeneza vile vibao. Upande unaowaelekea wageni niliandika jina tupu. Upande unaomwelekea yeye niliandika jina, na chini yake, kwa herufi ndogo, yale ambayo ningemnong'oneza. Nikavipanga, nikakaa kwenye kiti chake kuhakikisha vyote vinasomeka. Nje nikampa dereva simu zote mbili za Madamu.

"Asubuhi mpelekee. Wakipiga watu, unajua la kusema."

"Na yeye akikuulizia?"

"Niko kwa mama yangu."

Alizipokea kama mtu aliyekabidhiwa mayai. "Dada, wewe unataka kuzikwa kabla ya likizo yangu."

"Nimechoka sana, kaka. Nikizikwa nitalala."

Asubuhi mama alikuwa kwenye benchi la wodini, bandeji jichoni, kitenge kimefungwa vizuri. Alinishika mkono, akaupapasa hadi kwenye kiwiko. Muuguzi akaja, akaanza kubandua plasta polepole. Jicho lilikuwa jekundu, likitoa machozi. Likapepesa, likazunguka dirishani, likaja kwangu na kutulia.

"Una mvi," akasema mama.

"Kidogo."

"Nilikuwa nakukumbuka bila mvi."

Simu yangu ikalia. Niliitazama. Ilikuwa namba ya Madamu mwenyewe, ile ambayo hata mashemeji hawana. Kabla sijajua la kufanya, mama ameshainyakua.

"Yuko kwenye kikao," akasema, mgongo umenyooka. "Naomba ujumbe, nitamfikishia."

Akasikiliza. Nikategea kusikia sauti ya dereva, nikasikia ya Madamu. Madamu alikuwa ameishika simu kwa mkono wake. Mama akaitoa sikioni, akaifunika kwa kiganja.

"Ni yeye. Anauliza yule mwenye miwani aliyekaa karibu na dirisha ni nani. Anasema kibao chake kimeanguka chini ya meza na mtu mwenyewe anakuja kumsalimia."

Nikamwambia jina. Nikamwambia na kile kidogo: mwanawe wa kwanza amehitimu juzi. Mama akarudisha simu sikioni, akakinga mdomo kwa kiganja, akanong'oneza taratibu, kama mtu aliyezaliwa kwenye kazi hiyo. Kisha akasikiliza tena kidogo, akaitikia, akanirudishia simu.

"Amesema mtaongea jioni."

"Amesema kwa sauti gani?"

Mama alifikiri. "Ya mtu aliyechoka," akasema. "Kama yako."

Akanishika kidevu, akanigeuza upande wa dirisha penye mwanga, akaendelea kunitazama.